Kadi za Marafiki wa Serkle

Walisema sitaweza. Walisema mtoto wa mwanamke mlima mihogo hawezi kukabidhiwa ufunguo wa jumba la Serkle. Walisema hata nikikabidhiwa, hakuna mzazi atakayeniletea mtoto wake, kwa sababu mkono uliozoea burashi hausikii tena jembe. Walisema nikiwapata watoto sitapata rangi, na nikiipata rangi sitampata wa kuilipia, kwa kuwa nilikuwa nimetangaza sokoni, kwa kinywa changu mwenyewe, kwamba hakuna mtoto atakayetoa hata faranga moja ili afundishwe kuchora. Mjomba wangu wa Runingu, kaka yake mama, alisema maneno machache kuliko wote, na yaliuma kuliko yote. Alisema bure ni chambo, na kwamba yeye tangu azaliwe hajaona chambo kisichokuwa na ndoana ndani yake.

Niliweza. Naliandika neno hilo peke yake ili lionekane. Wengine huona haya kujisifu. Mimi nilibeba magunia bandarini ili nipate haki hiyo, na sioni kwa nini niiache.

Niliondoka Uvira nikiwa kijana mwenye shati moja, nikapanda meli Kalundu kwenda kusini hadi Albertville. Nilibeba magunia, kisha nikabeba ndoo za mafundi waliokuwa wakiandika namba kwenye mabehewa ya reli, na siku fundi mmoja alipougua nilishika burashi yake. Kuanzia hapo hakuna aliyenivuta mkono. Nilifika Katanga, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni, nikatoka huko na diploma ya sanaa ya mapambo, yenye muhuri mwekundu na sahihi za Wazungu walionipa maksi bila kupenda. Nilirudi nyumbani mwaka wa uhuru. Barabara ya Kavimvira ilikuwa imejaa magari ya Wazungu wanaovuka kwenda Usumbura, magodoro juu ya paa, mbwa dirishani. Wao walikuwa wanatoka, mimi ninaingia, na sanduku langu halikuwa jepesi kuliko yao.

Mji niliukuta umebadilisha wenyewe lakini haujabadilisha majina. Watu wetu walikuwa wamenunua maduka, na juu ya milango bado kulikuwa na majina ya waliokimbia. Ndani ya muda mfupi hapakuwa na mlango wa biashara kutoka mto Kalimabenge mpaka bandarini ambao sikuuandika mimi: jina la mwenye duka, bidhaa zake, na kivuli cha buluu nyuma ya kila herufi. Kivuli hicho hakuna mwingine aliyekijua. Mtu akishuka kwenye gari kutoka Bukavu, akitazama barabara yetu, alikuwa akisoma mkono wangu.

Serkle lilikuwa jumba la starehe la Wazungu, karibu na ziwa, lenye baraza pana, sakafu ya kuchezea dansi na kaunta ya pombe ya mbao nyeusi. Sisi tulilijua kutoka nje ya ua wa michongoma. Mtu mweusi aliyeingia ndani aliingia na trei au na fagio. Uhuru ulipofika lilifungwa, popo wakahamia darini, na panya wakaanza kula kitambaa cha kijani cha meza ya biliardi. Nilikwenda kwa msimamizi mpya wa teritwari, yaani wilaya yetu, Mkongomani mwenzetu, nikiwa na diploma yangu kwenye bahasha. Aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Akasema ufunguo anaweza kunipa, pesa hana. Serikali wakati ule ilikuwa na mihuri mingi kuliko mishahara.

Basi nilikopa. Wanawake wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wana likirimba: kila siku ya soko kila mmoja hutoa kiasi kilekile, na chote kinachokusanywa humwendea mmoja wao, zamu kwa zamu. Mkubwa wao, mjane mwenye sauti ya kuamsha bandari, alinikopesha zamu yake nzima. Mfanyabiashara wa Luberizi, aliyekuwa na kamio, lori la kupeleka mpunga Bukavu, alinikopesha faida ya msimu. Mfugaji mmoja wa milima ya juu, Mprotestanti asiyekunywa wala kuapa, ambaye binti yake alikuwa akisoma mjini, aliuza fahali. Na mjomba, baada ya kunicheka mbele ya watu, aliniita nyuma ya nyumba na kunipa pesa zake za pamba. Alisema ananikopesha ili apate haki ya kunicheka vizuri. Chini ya hao wanne walikuwepo wadogo wengi, watu wa barabara ya soko: fundi cherehani, muuza chumvi, mtengeneza viatu.

Wengi wao hawakujua kusoma, na karatasi ya deni humtia mtu asiyesoma hofu. Hapo ndipo nilipobuni kadi. Wakati ule kila mtu alikuwa na kadi. Vyama vya siasa vilikuwa vimeota kama uyoga, na mwanamume aliyeingiza mkono mfukoni akautoa mtupu alikuwa kama hana baba. Nilikata kadi za manjano ngumu, na juu ya kila moja nikachora mkono ulioinuliwa, umeshika burashi. Nilichonga muhuri kwa mpira wa gurudumu. Juu niliandika «Rafiki wa Serkle», chini nikaweka sahihi yangu, na baada ya sahihi neno moja: diplome. Kila aliyenikopesha alipewa kadi yake. Siku nitakapomlipa, atanirudishia. Zilikuwa kadi nzuri kuliko za chama chochote, na watu walizivaa kwenye mfuko wa shati na pembe ikichungulia nje. Mjane wa ndagala aliitundika yake kwa uzi shingoni, ikaning'inia juu ya mizani.

Watoto walikuja. Jumatano ilikuwa siku ya udongo, tulioutoa ukingoni mwa Kalimabenge. Jumamosi ilikuwa ya rangi, na baada ya rangi ngoma na michezo ya kuigiza. Walikuja watoto wa wavuvi, watoto wa tambarare waliokuwa wakilala kwa ndugu zao mjini ili wasome, watoto wa milimani waliokuja na kandambili mikononi ili zisichakae. Walisimama nyuma ya kaunta ya Wazungu na kuchanganya rangi kwenye bilauri za Wazungu. Wazazi walisimama barazani wakisubiri kuambiwa bei. Sikuwaambia, kwa kuwa haikuwepo. Ilichukua mvua mbili nzima kabla hawajaamini.

Mwaka wa nne wa uhuru ndipo nilipoanza kuona mambo kwenye karatasi za watoto.

Siku moja niliwaambia kila mmoja achore njia ya kwao. Watoto wa tambarare, bila kutazamana, walichora barabara yenye gogo katikati. Nilimwuliza mmoja kama ni mti ulioanguka. Alisema hapana, umewekwa. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba mbuzi ana pembe. Binti wa mfugaji, ambaye ng'ombe wake walikuwa na uhai kuliko wa mtu yeyote darasani, alichora kundi zima mteremkoni na hakuweka mchungaji. Nilimwambia mchoro haujakwisha. Alisema umekwisha.

Wakubwa walikuwa bado hawasemi. Ilisikika tu kwamba huko Luberizi ndege wanakula mpunga kwa sababu vijana wa kuwafukuza hawapo, na kwamba vijana hao wako mlimani, wananyunyiziwa maji ya kuzuia risasi na kupewa miiko. Walioshuka kutoka huko walisema vijana hawa wanawatafuta watu wa biro, yaani wa ofisi, watu wa kalamu, waliokula uhuru peke yao. Askari wa serikali nao waliongezwa mjini, wakaanza kulala mashuleni.

Kisha mwenye duka moja la vitambaa alikuja kwangu asubuhi, na pesa mkononi, akaniomba nifute jina lake juu ya mlango. Nilimwuliza kama rangi imebabuka. Alisema rangi ni nzuri mno, inasomeka kutoka mbali, na hiyo ndiyo shida. Nilifuta. Siku ya tatu alikuja jirani yake. Halafu wakaanza kuja wawiliwawili, na kila mmoja alitaka awe wa kwanza, kwa sababu jina lililobaki peke yake kwenye barabara tupu linaonekana kuliko yote.

Mfanyabiashara wa Luberizi aliingia mjini kwa miguu. Kamio lake lilikuwa limebaki kwenye kizuizi karibu na Kiringye. Alinieleza akiwa amesimama, kwa sababu hakuweza kukaa. Vijana walimsachi mifukoni, wakakuta kadi ya manjano. Kwa jicho la haraka mkono wangu wenye burashi ulikuwa ngumi yenye mkuki.

«Bakaniuliza, hii ni chama ya nani,» alisema. «Nikajibu ni ya batoto banachora. Bakacheka mupaka machozi. Bakasema: batoto gani biko na kashe, muhuri sawa hii?»

Walimweka juani mpaka alasiri. Kilichomwokoa ni kijana mmoja aliyekumbuka kwamba kamio lile liliwahi kumpeleka mama yake hospitali. Walimrudishia kadi. Kamio hawakulirudisha.

Haikupita wiki, askari wa serikali walimshika fundi cherehani palepale mjini. Nao waliona mkuki. Wao hawakuuliza chama ya nani, walisema wanaijua. Alirudi kutoka kambini miguu imevimba, akakaa mbele ya cherehani yake bila kuikanyaga. Nilikwenda kwake. Nilimwambia anipe ile kadi niichome, leo hii, mbele yake. Alikuwa ameificha ndani ya kofia. Alinyoosha kiganja kikiwa kitupu, akakiacha hapo katikati yetu.

Nilielewa. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba kadi ndiyo deni, na bila kadi hakuna deni. Nilipita kwa wengine, nikiwaeleza jambo lilelile kwa upole na kisha kwa ukali, na wote walinijibu kama yeye. Mjane wa ndagala alinijibu kwa maneno.

«Weye mwalimu, unataka karte yangu? Utaipata siku moja na faranga zangu. Moja inaingia, moja inatoka, sawa mulango.»

Nilimwambia kwamba kadi hiyo itamuua. Aliinua samaki kwa mkono, akamwangusha kwenye mizani.

«Na njaa je, iko inaniacha?»

Hakuna aliyekuwa mkorofi. Pesa zile zilikuwa pamba ya mtu, fahali wa mtu, zamu ya wanawake waliokuwa na watoto nyumbani. Kama wangekimbia kesho, kadi ndiyo kitu pekee ambacho wangeweza kunionyesha popote watakaponikuta. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Kabla vijana hawajashuka mjini au askari hawajaanza kupekua nyumba kwa nyumba, ilinibidi niwalipe wote, kila mmoja wao, nipate kadi zote. Ingebaki moja tu kwenye mfuko wa mtu, angeuawa nayo, na juu yake pangekuwa na sahihi yangu.

Mfanyabiashara wa Luberizi, ambaye bado alikuwa na akili ya biashara hata bila kamio, alinishauri niwatoze wazazi. Watoto walikuwa wengi. Ada ndogo kwa kila kichwa, na deni limekwisha. Alisema hata Mungu huomba sadaka. Wapo pia walionishauri nifunge Serkle, kwa sababu askari walikuwa wanaliangalia kwa macho ya kutafuta pa kulala. Nilikataa yote mawili. Kama ningetoza hata faranga moja, mjomba angekuwa ameiona ndoana yake. Na kama ningefunga, askari wangeingia jioni hiyohiyo. Jumba lililojaa watoto wenye udongo mpaka kwenye viwiko si mahali pa kutandika mikeka ya kijeshi. Nilijua hilo, na nilikuwa sahihi: miezi yote ile hawakuingia.

Niliuza gramafoni niliyokuja nayo kutoka Katanga. Niliuza suti ya kijivu niliyovaa siku ya kupokea diploma. Aliyeinunua alikuwa mwembamba kuliko mimi na aliondoka nayo kwa haraka, nadhani alikuwa anavuka. Niliuza mabati ya jiko langu. Lakini pesa nyingi zilitoka kwenye burashi, kwa njia ambayo sikuwahi kuiwaza. Nilifuta. Nilifuta maduka ya vitambaa, baa, kinyozi, duka la dawa. Nilipita barabara yote niliyoiandika, kutoka mtoni mpaka bandarini, nikipaka chokaa juu ya vivuli vyangu vya buluu, na nililipwa kufuta kuliko nilivyolipwa kuandika. Wenye maduka walishika ngazi wenyewe, wakitazama kaskazini. Mwishoni barabara ilikuwa nyeupe upande wote, kama mdomo uliong'olewa meno. Nasema kwa fahari kwamba hakuna herufi iliyoonekana chini ya chokaa yangu. Fundi mbovu angeacha alama.

Siku niliyowalipa wakopeshaji wote ilikuwa Jumatano.

Nilianza na wadogo, asubuhi na mapema, wakati soko linatandikwa. Fundi cherehani alipokea, akaitoa kadi kwenye kofia, akaniambia neno la kwanza tangu atoke kambini: asante. Mjane wa ndagala alihesabu kwa sauti ili wenzake wa likirimba wasikie, kisha akakata uzi shingoni kwa kisu cha samaki. Mbele ya watu wote alisema kwamba amekopesha wanaume wengi katika maisha yake, wenye vyeo na wenye pikipiki, na kwamba mimi ni wa kwanza kumlipa bila kumpeleka kwa wazee. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Sikuwa na haraka katika jambo hilo.

Mfanyabiashara nilimlipa kwenye nyumba ya ndugu yake, alikokuwa amejificha. Alizigawa zile noti kwenye soksi zake mbili, akavaa viatu juu yake, akaniuliza kama mtumbwi wa kwenda Usumbura bado unaondoka kukiwa na mwanga. Nilimwambia sijui. Aliniambia ni vizuri nijue.

Mfugaji alikuwa ameteremka kutafuta chumvi na kumchukua binti yake. Hakuzipokea pesa mara moja. Aliniambia, kwa ule utaratibu wao wa kusema kama mtu anayepanda mlima, kwamba kwao deni la ng'ombe halilipwi lote kwa siku moja. Mtu hurudisha ndama, baadaye hurudisha mwingine, na kila ndama ni sababu ya kutembeleana. Mtu anayelipa chote kwa mara moja amefunga njia. Hufanya hivyo anayehama, au mgonjwa aliyejua siku yake.

«Ndugu yangu, uko unatuaga?» aliniuliza.

Nilimwambia siagi mtu. Akapokea, akatoa kadi kutoka ndani ya Biblia yake. Halafu akachomoa noti moja, akampa binti yake, binti akanipa mimi. Mfugaji alisema hiyo si deni wala si ng'ombe, ni rangi. Walipanda njia ya milimani kabla ya jua kukaza. Msichana alikuwa amebeba kiti chake cha shule kichwani, na hakugeuka nyuma.

Ilibaki moja. Nilipanda baiskeli kwenda Runingu.

Sijawahi kuiona barabara ile ikiwa safi namna hiyo. Hapakuwa na gari, hapakuwa na wanawake wa mihogo, hapakuwa na mbuzi. Mashamba ya pamba yalikuwa wazi pande zote na hapakuwa na mgongo hata mmoja ulioinama ndani yake. Penye gogo, gogo lilikuwepo, limeondolewa kando, na majivu pembeni yake yalikuwa bado ya moto. Nililisikia joto lake mguuni nilipopita. Mtu aliyeliondoa hakuwa mbali, na alikuwa ameliondoa kwa sababu alitaka njia.

Mjomba alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, amevaa shati jeupe la Jumapili. Pembe ya manjano ilikuwa ikichungulia mfukoni. Mke wake alikuwa ndani, akifunga vyombo ndani ya kanga bila kelele. Nilimwamkia, nikatoa pesa, nikamwambia nimekuja kulipa, na kwamba yeye ni wa mwisho.

Alizipokea bila kuzihesabu. Aliziweka chini ya paja kama mtu anayekalia barua.

«Kwa hiyo iliwezekana,» alisema.

Nilimwambia iliwezekana. Nilimwambia hakuna mtoto aliyetoa faranga. Nilimwambia pia, kwa sababu nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miaka yote, kwamba ndoana haikuwepo. Aliitikia kwa kichwa, polepole, akatabasamu. Ndipo nilipomwomba kadi.

«Karte utapata, mwipwa wangu. Lakini ujue, imeshasomwa.»

Alinieleza. Vijana walikuwa wamepita asubuhi, wengi, majani vichwani, wakielekea chini kwa njia za vichakani. Waliingia kila ua. Kwake walikuta kadi, na mmoja wao alikuwa amesoma madarasa machache. Aliisoma kwa kidole: Rafiki wa Serkle. Kisha akashuka kwenye sahihi, na neno lililo baada ya sahihi. Wakamwuliza mjomba huyu ni nani.

«Ukasema nini?» nilimwuliza.

«Ungetaka niseme nini? Kama weye ni muntu wa bure?» Mjomba alinyooka kwenye kiti. «Nilisema ni mutoto wa dada yangu. Nilisema ametoka hapa na shati moja, akarudi na diplome. Nilisema iko ku Uvira, mu nyumba ya Bazungu, yeye njo anabeba ufunguo, anafundisha batoto bote bure, na hakuna muntu mwenye akili sawa yeye kutoka hapa mupaka Kalundu.»

Hakuwahi kunisifu hata siku moja maishani mwake. Alikuwa amezihifadhi sifa zote, na alikuwa amezitoa asubuhi ile, mbele ya watu waliokuwa wakiwatafuta watu wa kalamu.

«Wao wakasema nini?»

«Balirudilia jina lako, mumoja akimwambia mwingine, mupaka yule wa nyuma akalishika.» Alitoa kadi mfukoni, akaifuta kwa kiganja, akanipa. «Nilifanya vibaya?»

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na furushi lake, akinitazama nijibu. Mzee alikuwa na macho ya mtu aliyeleta zawadi. Nilimwambia hapana, mjomba, umefanya vizuri. Umesema kweli tupu.

Jikoni kulikuwa na moto mdogo. Nilizitoa kadi zote, za soko na za bandarini, ya mjane yenye harufu ya ndagala, ya fundi iliyochukua umbo la kichwa chake, ya mfugaji iliyonyooka kwa kukaa kati ya kurasa. Nilizitia motoni moja moja. Zilikuwa ngumu, zilichelewa kushika. Mke wa mjomba alizisukuma ndani kwa mwiko wa ugali, mpaka ikawa hakuna mtu kutoka Luberizi mpaka Kalundu anayeweza kupigwa kwa ajili ya mkono wangu. Sikudaiwa na mtu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusimama siku nzima akiwa hivyo, na mimi nilisimama. Jina pekee lililobaki likitembea barabarani lilikuwa langu, na lilikuwa limenitangulia.

Mjomba aliniuliza kama nitapita kwa miguu upande wa Ruzizi, nivuke mto pale penye mchanga, nitokee ng'ambo kabla ya jioni. Alisema yeye na mke wake wanaweza kunionyesha. Baiskeli ningeiacha, ingekuwa salama kwake.

Nilitazama jua. Ilikuwa bado mapema. Nilimwambia leo ni siku ya udongo, na watoto hawajaambiwa kwamba hakuna darasa la alasiri. Nilipandisha suruali isishikwe na mnyororo, nikawaaga, nikaelekea Uvira.